Mkadi: ua lenye harufu ya asali linaloishi siku moja tu

Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee harufu. Usicheke kwanza! Soma mpaka mwisho, maana humu ndani kuna pesa, kuna ugonjwa, na kuna utapeli.

Kama umekulia pwani, au umewahi kualikwa harusi ya Tanga, Mombasa, Lamu au Unguja, hii unaijua. Anapita mama kavaa vizuri, wala hajajipulizia kitu cha chupa, lakini nyuma yake inabaki harufu nzito, tamu, kama mtu kafungua chupa ya asali katikati ya bustani. Ukichungulia unaona kikuba kimebanwa kifuani au kwenye nywele. Kuna asumini, kuna rehani, pengine mlangilangi, na kuna vile vipande virefu vyeupe vilivyokunjwa. Hivyo vyeupe ndo mkadi.

Sasa vijana wengi tukisikia "kadi" tunafikiria vocha ya simu. Lakini hili ua watengeneza manukato duniani wanalijua, na wanalihesabu kwenye kundi la harufu adimu. Wahindi wanaliita kewra au kewda, kwenye vitabu vyao vya kale ni ketaki. Waarabu wa Yemeni na wa Jazan, kule kusini magharibi mwa Saudia, wanaliita kadi kama sisi, na wanawake wao nao wanalivaa kwenye sherehe.

Swali langu la leo ni moja: kwa nini harufu ya ua linaloota lenyewe tu ufukweni iwe adimu? Jibu lake lilinishangaza, na nadhani litakushangaza na wewe.

NOTA NI NINI?

Tuanze na neno moja la hawa jamaa wa manukato. Wao wakiongelea harufu wanasema "nota", kama kwenye muziki. Chupa moja ya manukato ina nota nyingi zilizopangwa. Za kwanza ni zile unazozisikia ukipuliza tu, kama ndimu na chungwa, dakika chache zimeshapotea. Za katikati ndo moyo wa manukato, hapa wanakaa maua. Za mwisho ni zile nzito, kama sandali, udi na ambari, zinazobaki kwenye nguo mpaka kesho yake.

Kwenye yale maua ya katikati kuna familia nyingi. Kuna maua yanayonukia kama waridi, kuna yanayonukia kama asumini, na kuna kikundi kidogo kinachonukia asali. Kule kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Grasse, wana mimosa, yale maua ya njano kama vidonge vya pamba. China, hasa mji wa Guilin, wana osmanthus, ua dogo linalonukia asali na tunda kwa pamoja. Bara Hindi wana kewra, na pwani yetu tuna mkadi, ambao ni wa ukoo huo huo wa mimea unaoitwa Pandanus.

ASALI INAINGIAJE KWENYE UA?

Hapa kuna kemia kidogo, lakini usikimbie. Niliipenda kuliko ile ya darasani.

Harufu ya asali inatoka kwenye vitu vingi vidogo vidogo, lakini kimoja kinachosikika sana kinaitwa asidi ya fenilasetiki. Kikiwa kidogo sana, kinanukia asali tamu kabisa. Kikizidi, kinanuka vibaya, wengine wanasema kama mkojo uliolala! Ndo maana fundi wa manukato anakipima kwa tone.

Huyu ana ndugu. Ndugu mmoja anaitwa pombe ya fenilethili, huyo ndo moyo wa harufu ya waridi. Ukiipeleka pombe hiyo kwa mkemia, akaiondolea chembe moja ya hidrojeni na mahali pake akaweka kikundi kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu, unapata kitu kingine kinachoitwa fenilethili methili etha. Jina refu, ukilitaja mbele ya mwalimu wa kemia atakupenda.

Basi hiyo etha ndo mkadi. Mafuta safi ya kewra yakipimwa maabara, kiasi cha asilimia 60 mpaka 80 hivi huwa ni hiyo etha peke yake. Sehemu iliyobaki ni vitu vingine vingi kwa kiasi kidogo kidogo, kikiwemo kimoja chenye ukali wa majani na viungo. Ndo maana mkadi hauko tamu tu kama pipi. Una utamu wa asali, halafu una ukali fulani unaopanda puani, kama vile mtu kafungua mafuta ya taa chumba cha pili. Ajabu ni kwamba ukali huo ndo unaofanya usiichoke.

Shika hiyo hesabu ya asilimia 60 mpaka 80. Tutairudia, maana ndo mwanzo wa matatizo yote.

MTI WENYEWE UKOJE?

Mkadi si mti wa kupendeza. Majani yake ni marefu kama ya mnanasi, yana miiba pembeni, yamejipanga kwa kuzunguka shina kama ngazi ya mnara. Mizizi inatoka juu ya ardhi na kushuka chini kama magongo ya mzee. Unaota kwenye mchanga, kando ya mito, kwenye maji ya chumvi chumvi, mahali ambapo mazao mengine yanagoma. Mizizi yake inashika mchanga usiondoke na maji.

Halafu kuna mti dume na mti jike. Ule jike unazaa tunda kama nanasi, watu wengine wanadhani ndo ua. Sio. Harufu yote tunayoiongelea iko kwa dume. Dume linatoa mkungu wa maua madogo madogo yaliyofunikwa na majani meupe laini kama karatasi, na hayo majani meupe nayo yananukia. Ukiwa na mti jike nyumbani unaweza kusubiri miaka na harufu huioni. Wakulima wa India hawabahatishi, wanachukua machipukizi ya mti dume wanaoujua na kuyapanda hayo. Chipukizi la dume litakuwa dume.

Na hili ua haliishi. Likishafunguka, harufu inapanda kwa masaa machache, kisha inaanza kushuka. Likichumwa asubuhi, jioni yake si lile tena. Likikauka, harufu inayobaki ni kivuli tu.

TWENDE GANJAM

Mkadi unaota sehemu nyingi za dunia, kuanzia Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Lakini biashara yake kubwa iko sehemu moja ndogo sana: wilaya ya Ganjam, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kwenye ufukwe wa Ghuba ya Bengal. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 85 mpaka 90 ya manukato ya kewra ya India yanatoka hapo. Sehemu kama Chhatrapur na Rangeilunda, mikewra imepandwa kama uzio wa mashamba, kando ya vijito na kwenye matuta ya mchanga. Sheria ya India inalinda jina la kewra ya Ganjam, kwamba mtu wa sehemu nyingine asilitumie ovyo kwa bidhaa yake.

Maua yapo zaidi ya mara moja kwa mwaka, lakini msimu mkubwa ni wa mvua, Julai mpaka Septemba. Mvua hizo zinaletwa na pepo za msimu, ndugu wa zile ambazo wavuvi wetu wanaziita kusi.

Kazi inaanza kabla ya jua. Mchumaji anaingia kwenye miiba na mundu wake, au na mti mrefu wenye kisu nchani, anakata mkungu mmoja mmoja. Watu wa kule husema nyoka wanapenda kulala kwenye mikewra. Iwe kweli isiwe kweli, hebu jiulize wewe ungeingia humo saa kumi na moja alfajiri kwa moyo gani! Akishachuma anakimbia. Maua yanatakiwa yafike kwenye mtambo asubuhi hiyo hiyo. Ndo maana mitambo imejengwa huko huko vijijini, haikujengwa mjini. Mkadi hausubiri lori liharibike njiani.

MTAMBO KAMA WA GONGO

Wadau wa uswahilini hapa mtaelewa haraka kuliko profesa. Umewahi kuona gongo inavyopikwa? Pipa juu ya moto, bomba linalotoka juu, bomba linapita kwenye maji baridi, mvuke unageuka matone. Basi mtambo wa kewra ni ule ule kasoro polisi.

Chombo cha kwanza kinaitwa deg, sufuria kubwa ya shaba. Ndiyo, ni neno lile lile la degi tunalopikia pilau la harusi, limetoka huko huko. Ndani yake wanaweka maua, mamia mpaka kufika 1,000 hivi, na maji. Wanafunika, halafu wanaziba kila mwanya kwa udongo ili mvuke usitoroke. Kutoka kwenye mfuniko unatoka mwanzi uliozungushiwa kamba, unakwenda kwenye chombo cha pili kinachoitwa bhapka. Bhapka limekaa ndani ya birika la maji baridi.

Moto unawashwa. Mvuke unapanda na harufu yake, unapita kwenye mwanzi, unafika kwenye bhapka na kupoa. Fundi hana kipimajoto, anashika bhapka kwa mkono na kusikiliza sauti ya mvuke. Likiwa moto sana anajua mambo yanakwenda haraka, anapunguza kuni.

Kinachopatikana kinategemea walichoweka kwenye bhapka tangu mwanzo:

1. Wakiweka mafuta ya sandali ndani ya bhapka, harufu ya maua inazama kwenye mafuta. Wanarudia na maua mapya, siku baada ya siku, mpaka mafuta yashibe. Hiyo ndo attar ya kewra, hawaweki spiriti.

2. Wakipata yale maji yenye harufu na kuyachemsha tena, wanakusanya mafuta matupu yanayoelea juu. Hayo wanaita rooh, yaani roho. Ni roho ile ile ya Kiswahili. Kiasi chake ni kidogo mno, hayafiki hata gramu 10 kwa kilo moja ya maua, ni pungufu sana ya hapo. Bei ya kilo moja ya rooh inahesabiwa kwa laki kadhaa za rupia.

3. Yale maji yenyewe ndo maji ya kewra, yale ya chupa yanayouzwa kwenye maduka ya viungo, tunayoweka kwenye biriani na halua. Kwa hiyo kama umekula biriani ya nguvu, mkadi umeshaula bila kujua!

KWA HIYO UADIMU UKO WAPI?

Sasa unaliona jibu. Mti upo mwingi, haugombaniwi na mtu, na unaota wenyewe. Uadimu hauko kwenye mti.

Uadimu uko kwenye muda. Ua dume peke yake, lichumwe alfajiri, lipikwe asubuhi, tena mahali penye mtambo karibu, na mtu anayejua kusikiliza mvuke. Ukivunja kamba moja katika hizo, harufu imekwenda. Kinachouzwa kwenye kichupa cha rooh ni mikono ya watu na kuwahi kwao.

Na mikono hiyo inalipwaje? Mchumaji analipwa kwa ua, na bei ya ua moja ni rupia chache tu, inapanda na kushuka kwa msimu na kwa matakwa ya mnunuzi. Hana la kufanya, maana hawezi kusema "subiri nitauza kesho bei ikipanda". Kesho ua limekufa. Fikiria muuza samaki asiye na barafu. Mnunuzi anajua hilo, akisema bei hii, ndo hiyo. Wengi wa wenye mitambo na wafanyabiashara wakubwa wanahusiana na Kannauj, mji wa kaskazini mwa India ulio maarufu kwa manukato tangu zamani. Mchumaji yuko chini kabisa ya ngazi hiyo.

Ukiacha bei, kuna bahari. Tarehe 12 Oktoba 2013 kimbunga Phailin kilitua karibu na Gopalpur, hapo hapo Ganjam. Watu wengi waliokolewa kwa sababu serikali iliwahamisha mapema, lakini mti haukimbii.

MNUNUZI MKUBWA NI NANI?

Hapa ndo pagumu, na hapa ndo naomba mnisome vizuri.

Ungedhani manukato haya yanaishia kwa mabibi harusi na matajiri wa Paris. Hapana. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa attar ya kewra amekuwa ni viwanda vya pan masala na gutka. Gutka ni mchanganyiko wa popoo, katu, chokaa na tumbaku, vimekaushwa na kuwekwa kwenye vipakiti. Ni tambuu ya bibi iliyogeuzwa ya kiwandani. Harufu ya kewra ndo inayoficha ukali wa tumbaku, mtu anasikia utamu wa ua mdomoni.

Madhara yake yanajulikana. Tumbaku ya kutafuna inaleta saratani ya mdomo. Hata popoo peke yake, bila tumbaku, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na India ni moja ya nchi zinazoumia zaidi kwa saratani ya mdomo.

Mwaka 2012 jimbo la Madhya Pradesh lilipiga marufuku gutka, majimbo mengine yakafuata. Odisha yenyewe, nyumbani kwa kewra, ilipiga marufuku kuanzia Januari 2013. Viwanda vikatafuta njia ya panya, vikaanza kuuza pan masala kwenye pakiti moja na tumbaku kwenye pakiti nyingine, mteja achanganye mwenyewe.

Sasa mwangalie mchumaji wa Ganjam. Sheria nzuri, inaokoa midomo ya watu, lakini inapunguza soko lake. Na soko lile likirudi, maana yake watu wanaumwa. Huyu mtu hajawahi kumdhuru yeyote, yeye anachuma maua tu! Mimi sina jibu jepesi. Ninachoona ni kwamba ukitegemea mnunuzi mmoja, siku akiugua yeye, unalala njaa wewe. Wakulima wa korosho na wa karafuu hili mnalijua bila kufundishwa.

UCHAKACHUAJI

Sasa turudi kwenye ile asilimia 60 mpaka 80.

Harufu ya waridi ina vitu mamia vinavyosaidiana, kuiga waridi vizuri ni kazi ngumu. Lakini mkadi karibu wote umebebwa na kitu kimoja. Na kitu hicho, kumbuka, ni yule ndugu wa pombe ya waridi aliyebadilishwa kidogo tu. Pombe hiyo inatengenezwa viwandani kwa tani, malighafi yake inatokana na mafuta ya petroli. Kwa hiyo etha ya mkadi kiwanda kinaitengeneza kwa bei ya chini mno, bila mti, bila alfajiri, bila miiba wala nyoka.

Matokeo yake unayajua. Chupa nyingi za "maji ya kewra" ni maji ya kawaida yaliyotiwa matone ya etha ya kiwandani. Chupa nyingi za "attar ya kewra" ni etha hiyo hiyo ndani ya mafuta mepesi ya parafini, kwa sababu hata sandali yenyewe imekuwa ghali sana. Hata waliobaki na maua halisi, wengi wao siku hizi wanatumia parafini badala ya sandali.

Mimi sisemi kitu cha kiwandani ni sumu. Chembe ya etha iliyotoka kwenye ua na iliyotoka kiwandani ni ile ile, hakuna kifaa kitakachozitofautisha kwa harufu yake. Na mtu mwenye shilingi elfu mbili naye ana haki ya kunukia vizuri. Tatizo ni uongo. Ukiandika "ua halisi" kwenye chupa isiyo na ua, umemwibia mteja, na umemwibia yule aliyeamka saa kumi na moja. Bei yako ya uongo ndo inayomfanya mnunuzi wa Ganjam amwambie mchumaji, "Chukua hizi, ama nikatumie ya kiwandani."

Kuna hadithi ya kale ya Wahindu inayofaa hapa. Miungu wawili, Brahma na Vishnu, walikuwa wanabishana nani mkubwa. Shiva akatokea kama nguzo ya moto isiyo na mwisho, wakaambiwa watafute ncha zake. Vishnu alikwenda chini, akarudi na kukiri ameshindwa. Brahma alikwenda juu, hakufika, lakini akaliomba ua la ketaki limtolee ushahidi kuwa alifika. Ketaki likakubali kusema uongo. Shiva akalilaani, na mpaka leo ua hilo halitumiki kumwabudia Shiva. Yaani ua lililoadhibiwa kwa ushahidi wa uongo, leo lenyewe ndo linalosingiziwa kwenye chupa ambazo halimo!

UFANYE NINI UKIENDA DUKANI?

Maabara wanajua kupima, wanaangalia vile vitu vidogo vidogo vinavyoambatana na etha. Kama ni etha tupu, wanajua. Sisi hatuna maabara, lakini tuna pua na akili.

- Angalia bei kwanza. Rooh ya kweli haiwezi kuuzwa bei ya soda. Ikiwa rahisi hivyo, jua ni ya kiwandani. Unaweza kuinunua kama unaipenda, ila uwe unajua unachonunua.

- Muulize muuzaji imekaa ndani ya mafuta gani. Sandali au parafini? Muuzaji mwaminifu atakwambia. Akianza kung'aka, shika njia.

- Paka kidogo mkononi, nenda zako, rudi kunusa baada ya masaa kadhaa. Etha tupu inapiga kelele mwanzoni, halafu inapotea kama ilivyokuja. Attar ya ua iliyo kwenye sandali inabadilika polepole, na jioni unabaki na joto la ule mti.

- Usiinuse kwenye kizibo tu. Kizibo kinadanganya, ngozi haidanganyi.

NA KAMA UNA MKADI NYUMBANI?

Basi wewe ni tajiri na hujijui. Uchunguze kwanza kama ni dume. Ukiona mkungu unaanza kuonyesha weupe na harufu inaanza kusikika, usisubiri jua lipande, kata alfajiri. Bandua yale majani meupe moja moja. Mengine kunja utie kwenye kikuba, mengine weka katikati ya nguo kabatini, kama bibi zetu wanavyofanya. Nguo zitashika harufu hata baada ya ua kufa. Na kama kuna jirani anataka kuung'oa kwa sababu ya miiba, mwambie akupe machipukizi kwanza.

Mwisho niseme hivi. Tumezoea kuamini kuwa harufu nzuri ni ya kwenye chupa yenye jina la Kifaransa. Kumbe kuna harufu ambayo wenzetu wanaihangaikia kwa mitambo ya shaba na moto wa kuni, na mama yule wa harusini kaibana kifuani bila kumlipa mtu. Tofauti yake na chupa ni kwamba yake kesho haipo. Ameivaa leo kwa sababu leo ndo siku yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani ana mkadi kwao? Kwenu mnaliitaje hili ua? Na kwenye lile suala la mchumaji na gutka, wewe ungesimama wapi? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.